Njia ya Maneno



Muhula huu, katika somo la Uraia, niliwafundisha vijana wa Kidato cha Tatu msemo wa Wachina, guang kai yan lu. Maana yake ni kuifungua kwa upana njia ya maneno. Yaani mtawala awaache watu waseme yaliyo moyoni, hata kama yatamchoma. Hapa Karema jambo hili twalifahamu upesi: mvuvi mdogo akikatazwa kusema kuwa mtumbwi unavuja, nahodha naye atalowa.

Nikawapa mfano wa kwetu. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, izunguke Bara na Visiwani kuwauliza watu: nchi iendelee na chama kimoja, ama viwe vingi? Tangu 1965 sheria haikuruhusu chama cha upinzani. Watu zaidi ya 36,000 walitoa maoni yao, na karibu wanane katika kila kumi walisema kimoja chatosha. Hata hivyo Tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Hapo msichana mmoja akasimama. "Mwalimu, ikiwa wanane walikataa, waliulizwa kwa nini?"

Swali hilo lilitumaliza kipindi. Wengi katika wale wanane walitaka chama hicho hicho kirekebishwe. Walipenda umoja, lakini mwenendo wake uliwachosha. Tena, wawili wakianzisha chama chao, hawawazuii wanane kubaki katika chao. Bali wanane wakifunga mlango, wawili hawana pa kusemea. Mimi naona Tume iliamua sawa, ingawa si walimu wenzangu wote wanaokubaliana nami.

Liko jambo lisilotajwa sana. Tume ile ile ilitaja sheria 40 zifutwe au zirekebishwe, kwa kuwa zilibana haki za watu. Mojawapo ni ile ya 1962 ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Pendekezo la vyama lilitekelezwa kwa miezi michache tu. Sheria nyingi katika zile 40 zilikaa vitabuni miaka mingi baadaye.

Wazazi mtakaosoma haya, msishangae watoto wakija kuwauliza ninyi, au babu na bibi zao, kama Tume iliwafikia mwaka ule na mlijibu nini. Ni kazi ya nyumbani niliyowapa, na majibu nayangoja muhula ujao.