Mtoto kujaa maji tumboni: kosa si la tumbo la mke

Haidropsi ni hali ya mtoto aliye tumboni kujaa maji katika sehemu mbili au zaidi za mwili: chini ya ngozi, tumboni, kuzunguka mapafu au moyo. Ni dalili, si ugonjwa mmoja. Barua ya msomaji wa Kamuli, wilayani Kyerwa, inaeleza mimba mbili za baba na mama walewale zilizoishia hivyo, na mawifi wanaosema tumbo la mke wa kaka yao lina mkosi.

Zamani lawama ilikwenda kwenye kundi la damu, pale mama wa Rh hasi anapobeba mtoto wa Rh chanya. Sindano ya anti-D, iliyoanza kutumika mwaka 1968, ilipunguza sana visa hivyo. Visa vingi vya haidropsi vilivyobaki hutokana na kasoro za moyo au kromosomu, upungufu mkubwa wa damu na maambukizi. Kaswende ndiyo ya kuondolewa shaka kwanza, kwa kuwa isipotibiwa huweza kuharibu mimba moja baada ya nyingine, ilhali hupimwa kliniki ya wajawazito na hutibiwa kwa sindano ya penisilini.

Majibu yakiwa safi na mtoto wa pili naye akajaa maji, ndipo magonjwa ya kurithi ya umetaboli hufikiriwa. Ndani ya seli kuna vifuko viitwavyo lisosomu, vyenye vimeng'enya vya kuvunjavunja mabaki. Kimeng'enya kimoja kikikosekana, mabaki hurundikana katika ini, bandama, wakati mwingine na moyo. Ini likivimba hubana mishipa na kupunguza protini inayozuia maji yasivuje kutoka kwenye damu; uboho nao ukiathirika, damu hupungua. Ugonjwa wa Gaucher, wa Sly, Niemann-Pick aina C na sialidosisi vimo katika kundi hili.

Karibu yote hurithiwa kwa baba na mama kwa pamoja. Kila mmoja hubeba nakala moja mbovu ya jeni bila kuugua, na kila mimba ina uwezekano wa robo wa mtoto kupata zote mbili. Robo hiyo haipungui kwa kuwa wawili wameshapotea. Mwiko wa kuoana ndani ya ukoo husaidia, lakini si kinga kamili: ukoo huhesabiwa upande wa baba, jeni hutoka pande zote. Hata wasio na undugu wowote huweza kukutana na jeni ileile.

Ushahidi hupotea haraka. Kondo la nyuma, ambalo kwa kawaida huzikwa siku hiyohiyo, likihifadhiwa kwenye fomalini huweza kuonyesha seli zilizojaa vishimo chini ya hadubini. Damu ya kitovu hupimwa vimeng'enya. Yafaa hospitali iombwe hayo kabla ya uchungu kuanza, na mimba ijayo ifuatiliwe kwa utrasaundi mapema katika hospitali ya rufaa, Bukoba au Bugando.

Tiba ni chache. Dawa ya kimeng'enya kwa ugonjwa wa Sly iliidhinishwa Marekani mwaka 2017; kumpa mtoto angali tumboni bado ni majaribio. Mume na aende kupimwa pamoja na mkewe: damu ya mke peke yake haitoi jibu.