Diski Inapokataa Kuandika

Tuseme karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika huko Masama amepokea kilo 62 za kahawa. Kwanza huziandika katika kitabu cha siku. Baadaye huzihamishia katika leja, kwenye ukurasa wa mwanachama. Akiitwa nje kabla hajamaliza kuhamisha, hakuna hasara, kwani kitabu cha siku kitamwonyesha alipofikia. Hesabu hizo zikitiwa katika kompyuta, watu wengi hudhani kwamba utaratibu huo umekwisha. La, umo ndani ya mashine, tena kwa ukali zaidi.

Kuandika ingizo moja katika diski si tendo moja. Tarakimu zenyewe huwekwa katika fungu moja la diski. Urefu mpya wa faili na mahali yalipo mafungu yake huandikwa kwingine. Na orodha ya mafungu yaliyo wazi nayo hubadilishwa. Umeme ukikatika katikati, jambo ambalo wakazi wa Moshi hawahitaji kuelezwa, fungu laweza kuhesabiwa kuwa li wazi kumbe lina mali ya mtu. Ndiyo maana mifumo ya faili kama ext3, iliyoingizwa katika Linux mwaka 2001, na ext4 iliyoifuata mwaka 2008, ina shajara: eneo la diski ambamo mabadiliko huandikwa kwanza, yakafungwa kwa alama ya kuthibitisha, ndipo yakanakiliwa mahali pake. Kompyuta iwashwapo tena, yenye alama hurudiwa na yasiyo na alama hutupwa.

Hata hivyo, shajara ilibuniwa kwa ajili ya kazi iliyokatizwa. Diski inayokataa kuandika ni msiba wa namna nyingine. Diski nyingi huwa na mafungu ya akiba, nazo huhamia huko kimya kimya pale fungu moja linapochakaa; basi habari ya kosa ikifika kwenye mfumo wa faili, yaelekea diski yenyewe, au waya wake, imekwisha kushindwa.

Kosa likitokea katika kuandika shajara, ext4 huifunga na kukataa mabadiliko mapya: faili zasomeka, haziandikiki. Watumiaji hunung'unika, wakaizima mashine na kuiwasha. Mimi naona mfumo una haki, kwani ukiendelea kubadilisha leja huku kitabu cha siku hakiaminiki, utaharibu hata yaliyokuwa sahihi.

Kosa likitokea wakati wa kunakili kutoka shajara kwenda mahali pa kudumu, jambo ni zito zaidi, maana sasa nakala nzuri ni ile iliyo katika shajara peke yake, wala haifai kufutwa. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walitia makosa katika diski kwa makusudi, wakaona kwamba ext3 mara nyingi iliyapuuza makosa ya kuandika. Kasoro za aina hiyo zilirekebishwa baadaye.

Linabaki lile linalowadanganya hata wataalamu. Katika utaratibu wake wa kawaida, ext4 haitii tarakimu za faili katika shajara. Hutia habari za mpangilio tu. Tarakimu hukaa katika kumbukumbu ya muda, kisha hupelekwa diskini. Zikikataliwa, huambiwa programu iliyouliza kama kazi imekamilika, nayo huambiwa mara moja tu. Mwaka 2018 watengenezaji wa PostgreSQL, programu ya kuhifadhi kumbukumbu, walitambua kwamba baada ya kosa Linux huyahesabu mafungu yale kuwa yamekwisha kuandikwa. Programu ikiuliza tena hujibiwa kuwa mambo ni shwari. Karani akisoma ataona kilo 62, kwa kuwa asomacho ni kumbukumbu ya muda. Siku mashine itakapozimwa ndipo kilo zitakapotoweka, na mkulima ana stakabadhi mkononi. Tangu mwaka 2019, PostgreSQL ikipata jibu la kosa husimama papo hapo, ikarudia kazi kutoka katika shajara yake yenyewe.

Programu ya mizani nayo ifanye vivyo hivyo. Isichape stakabadhi kabla ya kupata jibu kwamba diski imepokea. Na likija jibu la kosa isiulize mara ya pili, bali ifunge kazi, karani apime na kuandika kwa mkono mpaka diski nyingine ifungwe.