Kifungo cha nje katika nyumba ya wanywaji

Swali: Mahakama ya Nakuru imenipa kifungo cha nje cha mwaka mmoja, kwa sharti nisinywe pombe. Naishi kwa mjomba, na kila jioni yeye na binamu zangu hunywa sebuleni. Je, naweza kurudishwa kortini?

Jibu: Sharti linakufunga wewe, si mjomba. Lakini soma agizo vizuri: likikataza pia kukaa penye pombe, uko hatarini hata usipoonja. Mweleze afisa wako wa probesheni mapema, kabla hajaja kukuzuru. Anaweza kuzungumza na mjomba, au kuiomba mahakama iruhusu uhamie kwa jamaa asiyekunywa. Ukivunja sharti, hakimu anaweza kukuadhibu kwa kosa lile la awali, hata kwa jela. Mwombe mjomba kwa heshima, asubuhi akiwa hajalewa, pombe isiwekwe chumbani mwako.