Somo la Huduma: Kupanga Vitufe vya Simu za Mezani Maofisini

Mtendaji wa kijiji anapopiga simu makao makuu ya Halmashauri kutoa taarifa ya mtoto anayeteswa, huenda salio lake ni la dakika chache tu. Mpokeaji wa mapokezi hutafuta namba ya Ustawi wa Jamii kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, kisha huhamisha simu hiyo. Simu huita katika chumba kitupu, kwa kuwa afisa yuko ziarani vijijini, na salio huisha kabla taarifa haijafika. Kasoro ya namna hii si lazima itokane na ubovu wa mtambo. Yaweza kutokana na vitufe ambavyo havijapangwa.

Simu nyingi za ofisini zilizounganishwa na swichibodi zina vitufe vya ziada vinavyoweza kupewa kazi. Kwa ofisi ya umma, kazi nne ndizo zenye manufaa zaidi.

Ya kwanza ni kitufe cha namba ya ndani chenye taa. Taa humwonesha mpokeaji kama namba hiyo inatumika, kabla hajahamisha simu. Hata hivyo, haimwambii kama afisa yumo chumbani.

Ya pili ni kuelekeza simu kwenye namba nyingine: zote, zile zinazokuta namba inatumika, au zile zisizopokewa. Kwa afisa anayetoka mara kwa mara, namna ya tatu ndiyo salama, kwani simu ikiita bila kupokewa huenda kwa mwenzake.

Ya tatu ni kupokea kutoka mezani kwako simu inayoita kwenye meza ya jirani.

Ya nne ni kupiga namba muhimu kwa mguso mmoja, mathalani 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Namna ya kupanga hutofautiana. Katika baadhi ya simu, kitufe hubonyezwa na kushikiliwa kwa sekunde chache. Katika nyingine, mtumishi hupitia menyu ya mipangilio. Kwingineko, kazi hiyo hufanywa na Afisa TEHAMA kupitia kompyuta. Kwa kawaida hujazwa mambo matatu: aina ya kazi, namba husika na jina litakaloonekana. Jina liwe la huduma, si la mtu, kwa maana watumishi huhama na huduma hubaki.

Makosa mawili yaepukwe. La kwanza ni kuhifadhi namba ya nje bila tarakimu ya kutokea nje, kama vile 9 au 0, pale mtambo unapoihitaji. Kitufe kitaonekana kizima, lakini simu haitatoka. Utaratibu huo ujaribiwe kwa namba ya kawaida ya nje, si kwa kuisumbua namba ya dharura. La pili ni kuacha simu zote zikielekezwa kwa mtumishi aliyekwisha kuhama.

Kwa hiyo, makabidhiano ya ofisi yasiishie kwenye funguo na mafaili. Anayeondoka na anayeingia wabonyeze kila kitufe cha namba ya ndani na cha kuelekeza simu, kisha wahakikishe simu inapokewa na mhusika. Jaribio hilo la dakika chache laweza kuamua kama taarifa ya mtoto yule itasikika siku hiyohiyo.