Ukuta wa darini: somo kwa akina baba

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya vikundi vya akina baba kanisani, lakini familia nzima inaweza kulitumia. Linahitaji muda wa saa moja hivi. Kiongozi asome maandiko yote mapema, na awape nafasi hata wale ambao hawajazoea kuzungumza.

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8

Katika Israeli ya kale, paa la nyumba lilikuwa tambarare. Watu walipanda juu kupunga upepo wa jioni, kuanika mazao, na hata kulala. Rahabu aliwaficha wapelelezi chini ya mabua ya kitani aliyokuwa ameyapanga darini (Yoshua 2:6). Kwa hiyo sheria ilimwagiza kila anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mfupi kuzunguka paa, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo.

Tuangalie mambo matatu katika agizo hili. Kwanza, Mungu hakungoja mtu aanguke ndipo atoe sheria. Pili, mwenye nyumba anaweza kuwa na hatia hata kama hakukusudia ubaya wowote. Kutojali peke yake kunatosha. Tatu, ukuta ule ulimkinga kila aliyepanda juu, pamoja na baba aliyeujenga.

Nyumba zetu nyingi leo zimeezekwa kwa bati au nyasi na hakuna anayelala juu yake. Lakini mahali pa kuanguka bado papo. Tabia njema za kila siku za baba ndizo ukuta wa nyumba yake.

Tunarudi na nini kutoka kazini?

Baba hurudi nyumbani na unga, sukari au mboga. Mara nyingine hurudi pia na kitu ambacho hakukinunua. Fikiria mkulima wa nyanya aliyeshinda shambani akipiga dawa ya wadudu. Anafika nyumbani jioni, na mtoto wake mdogo anakimbia kumkumbatia. Dawa iliyo kwenye shati la baba sasa iko kwenye mikono ya mtoto, na mikono hiyo itaingia kinywani. Dawa nyingi za aina hii huweza pia kupenya kwenye ngozi.

Mkulima anaweza kujenga ukuta hapa bila gharama kubwa:

• Vaa nguo ndefu, buti na glavu unapopiga dawa, na usinyunyize kuelekea upepo unakotoka. Usile wala kuvuta sigara kabla ya kunawa.
• Vua nguo za kazi na uoge kabla ya kuwapakata watoto.
• Nguo hizo zifuliwe peke yake, si katika beseni moja na nguo za mtoto. Mwambie anayezifua kwamba zina sumu.
• Usimimine kamwe dawa wala mafuta ya taa katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hawezi kujua tofauti.
• Chupa ya dawa ikiisha, isuuze mara 3, mimina maji hayo ndani ya bomba la kupigia dawa, kisha itoboe ili mtu asije akaichotea maji.

Wanaovunja kokoto, kuchimba madini au kukata mawe wana hatari yao. Vumbi la mawe mengi lina silika, ambayo huharibu mapafu polepole na kumfanya mtu ashikwe na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kumwagia mawe maji kabla ya kuyavunja hupunguza vumbi. Anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi asiendelee kununua dawa ya kikohozi dukani, bali aende kupimwa. Kifua kikuu kinapona, na kwa kawaida matibabu huchukua miezi 6. Kisipotibiwa, huwafikia wanaolala naye chumba kimoja.

Mwenye bodaboda naye ajiulize: je, ninavaa kofia ngumu na kuifunga kila safari, hata ile ya kwenda karibu? Na abiria wangu je?

Mwili wa baba ni mali ya nyumba

Soma 1 Timotheo 5:8 na 1 Wakorintho 6:19-20

Wanaume wengi wanalijua andiko la kwanza, kwamba mtu awatunze walio wa nyumbani mwake. Kwa sababu hiyo hufanya kazi kwa bidii bila kujali uchovu wala maumivu. Husema kwamba kliniki ni ya akina mama na watoto, na kwamba siku ya kwenda hospitali ni siku ya kupoteza kipato. Lakini andiko la pili linatukumbusha kwamba mwili si mali yetu wenyewe. Baba akipuuza mwili wake, anahatarisha chombo kile kile anachotumia kuwatunza walio wake.

Mfano mzuri ni shinikizo la damu. Mara nyingi halina dalili yoyote. Mtu anajiona mzima, analima, anabeba mizigo, mpaka siku anapopatwa na kiharusi. Siku moja ya kupima humpotezea baba kipato cha siku moja. Kiharusi kinaweza kumwondolea uwezo wa kufanya kazi maisha yake yote, na ada ya shule ikabaki mikononi mwa mama peke yake. Kipimo kinachofikia 140/90 au zaidi, kikirudiwa siku nyingine na kubaki hivyo, ni shinikizo la juu. Akiandikiwa dawa, aendelee nazo hata anapojisikia vizuri.

Chumvi nayo ipunguzwe. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikiwa ni pamoja na ile iliyomo katika vyakula vya dukani. Baba anayeongeza chumvi mezani kabla hata ya kuonja anaweza kuanza hapo.

Baba na mama wapime pia virusi vya UKIMWI pamoja. Anayejua hali yake mapema na kutumia dawa ipasavyo anaweza kuishi miaka mingi na kuwalea watoto wake.

Watoto wanatazama

Baba akitoka chooni bila kunawa, amewafundisha watoto bila kusema neno. Akinawa kwa sabuni, amefundisha pia. Kunawa mikono kwa sabuni kunaweza kupunguza magonjwa ya kuhara kwa karibu theluthi moja. Kibuyu chirizi hutengenezwa kwa dumu la lita 5, kamba, kijiti cha kukanyagia na kipande cha sabuni. Ni kazi ya saa moja, na watoto hupenda kumsaidia baba kuitengeneza.

Sigara inayovutwa ndani ya nyumba huvutwa na wote. Moshi wake humletea mtoto pumu na magonjwa ya kifua. Moshi wa jikoni pia huwaumiza mama na mtoto aliye mgongoni. Kupanua dirisha la jiko au kujenga jiko lenye bomba la kutolea moshi ni kazi ambayo baba anaweza kuianza.

Kupumzika si uvivu

Soma Kutoka 18:13-23

Yethro alimwona mkwewe Musa akifanya kazi tangu asubuhi hata jioni, akamwonya kwamba atachoka yeye pamoja na watu wake. Musa hakukasirika. Alisikiliza, akawagawia wengine mzigo. Wakati mwingine mkwe, mke au rafiki huona uchovu wetu kabla yetu.

Maswali ya majadiliano

1. Katika kazi zetu hapa, ni hatari gani zinazofuatana nasi mpaka nyumbani?
2. Kwa nini wanaume wengi huchelewa kwenda hospitali? Kikundi chetu kifanye nini?
3. Ni tabia gani ambazo watoto wako wamejifunza kwako bila wewe kuwafundisha?
4. Ni nani aliye kama Yethro kwako? Je, unamsikiliza?

Jambo la kufanya

Kila mmoja achague ukuta mmoja wa kujenga kabla ya kukutana tena, na amwambie mwenzake ni upi. Kikundi kinaweza pia kumwomba mhudumu wa afya aje na kipimo cha shinikizo la damu baada ya ibada, na wazee wa kanisa wawe wa kwanza kupimwa.

Sala

Ee Bwana, umetupa nyumba na watu wa kuishi ndani yake. Utupe macho ya kuiona hatari kabla mtu hajaanguka, na mikono isiyochelewa kujenga. Amina.