Somo la Gari: Pampu ya Mafuta, Pima Kwanza Ndipo Ununue

Wakazi wengi wa Majengo na mitaa mingine ya mji wa Nyeri hutegemea gari kwa riziki. Kuna Probox ya kubeba mboga kutoka Karatina, teksi ya mjini, na matatu ya Othaya au Mweiga. Gari likizima mlimani likiwa na abiria, hatari ni ya wote waliomo na hata ya wanaofuata nyuma. Katika toleo hili tunaeleza jinsi ya kutambua pampu ya mafuta iliyoharibika na jinsi ya kuibadilisha kwa usalama. Maelezo yanahusu magari ya petroli yenye injekta, ambayo ndiyo mengi barabarani siku hizi.

Kazi ya pampu

Katika magari haya pampu ni mota ndogo ya umeme iliyozama ndani ya tangi. Husukuma petroli kupitia chujio hadi kwenye injekta kwa nguvu ile ile wakati wote. Petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza. Dereva anayezoea kutembea taa ya mafuta ikiwa imewaka, akiongeza petroli ya shilingi 300 kila asubuhi, huiacha pampu ipate joto na kufupisha maisha yake. Maji na uchafu ulio chini ya tangi huimaliza haraka zaidi.

Dalili

- Stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki.
- Gari linakosa nguvu likipanda mlima au likiwa na mzigo, ingawa kwenye tambarare linakwenda.
- Injini inazima ikishapata moto, kisha inawaka tena baada ya kupoa.
- Mlio mkali unasikika upande wa tangi.

Dalili hizi pekee hazitoshi kuilaumu pampu. Chujio lililoziba, plagi zilizochakaa au petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huleta shida zinazofanana. Wakati wa baridi ya Julai wengi hulaumu hali ya hewa, na wengine hununua pampu mpya kumbe fyuzi ndiyo iliyokatika.

Hatua za kupima

1. Hakikisha tangi lina petroli. Geji ya dashibodi nayo huweza kudanganya.

2. Mtu mmoja afungue swichi bila kupiga stata, mwingine asikilize karibu na tangi. Magari mengi hutoa mvumo kwa sekunde 2 hivi. Baadhi ya Toyota hayavumi mpaka stata izunguke, kwa hiyo usikate shauri kabla ya kujaribu njia zote mbili.

3. Pasipo mvumo, angalia fyuzi ya pampu na rilei yake. Ikiwa gari lina traka au king'ora, kagua nyaya zake pia. Vifaa hivi mara nyingi hufungwa ili kukata umeme wa pampu, na kiungo kilicholegea hulizima gari kana kwamba limeibwa.

4. Pima umeme kwenye plagi ya nyaya za pampu wakati msaidizi anapiga stata. Umeme ukifika sawasawa, karibu volti za betri, na waya wa ardhi uko imara, lakini pampu imenyamaza, basi pampu imekufa. Umeme usipofika, kosa liko kwenye nyaya, na pampu mpya haitasaidia.

5. Pampu ikivuma lakini gari halina nguvu, funga geji ya presha kwenye njia ya mafuta. Magari mengi ya injekta husoma kati ya PSI 40 na 60. Fuata kipimo cha gari lako. Presha ikiwa chini, badilisha chujio kwanza, kisha upime tena.

Kubadilisha

Kazi hii ifanyiwe nje penye hewa, mbali na sigara, jiko na mashine ya kuchomelea. Kizima moto kiwe karibu. Tangi liwe na mafuta kidogo, chini ya robo.

Ondoa presha kwanza: chomoa fyuzi ya pampu, washa injini mpaka izime yenyewe, kisha fungua waya hasi wa betri. Hata hivyo funika kiungo cha mafuta kwa kitambaa unapokifungua, kwa sababu petroli kidogo huweza kuruka.

Katika magari mengi mfuniko wa pampu uko chini ya kiti cha nyuma. Katika mengine ni lazima tangi lishushwe. Pangusa vumbi lote kabla ya kufungua. Piga picha ya nyaya na mabomba ukiwa mbali na tangi, kisha weka simu kando. Toa pampu polepole bila kukunja mkono wa geji. Ukiona kutu au matope ndani, tangi lisafishwe, la sivyo pampu mpya itafuata ya zamani. Badilisha pia kichujio cha chini na mpira wa kuziba mfuniko. Usiijaribu pampu ikiwa kavu.

Ukimaliza kufunga, rudisha umeme, fungua swichi mara kadhaa, na uangalie kama kuna mvujo kabla ya kurudisha kiti. Petroli chafu usiimwage kwenye mtaro, kwani maji ya mitaro huishia mitoni, ukiwemo mto Chania.

Kujikinga

Jitahidi tangi lisishuke chini ya robo. Nunua petroli kwenye kituo chenye leseni na uchukue risiti. Uchanganyaji wa mafuta umekuwa tatizo kubwa nchini, hata mwaka 2018 serikali ya kitaifa ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia. Ukishuku kituo, ripoti kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA.

Na fundi akikuambia pampu imeharibika, mwombe akuonyeshe vipimo viwili: umeme uliofika kwenye pampu na presha iliyotoka. Fundi mwema atakuonyesha bila kinyongo, nawe utajua unalipia nini.