Dondoo Muhimu: Kuyatambua Mabomba ya Mafuta Yavujayo Ardhini

Mwenye kituo cha mafuta atakaye yakini juu ya mabomba asiyoyaona na aanze kwa daftari: kila asubuhi, kabla pampu hazijafunguliwa, atie fimbo ya kupimia tangini, alinganishe kilichobaki na kilichopokewa na kilichouzwa kwa mita, wala asishtushwe na tofauti ya siku moja, kwa kuwa petroli hutanuka na kusinyaa kwa joto, na lita 10,000 zikipoa kwa nyuzi 10 hupungua kiasi cha lita 95 bila tone kumwagika; bali upungufu urudiao juma baada ya juma ndio wa kutiliwa shaka.

Kisha aijue pampu yake ni ya namna gani, maana hapa ndipo wengi hupotea. Ile ivutayo kutoka juu, bomba lake likitoboka, hufyonza hewa, na mafuta hutoka kwa kuchelewa na kukatakata; walakin ile isukumayo kutoka ndani ya tangi huyamwaga mchangani kimyakimya, na mteja asione ila. Kwa hii ya pili kifaa cha kunasa mvujo hakina budi kuwepo: kanuni za Marekani huamuru kiutambue, ndani ya saa moja, mvujo wa galoni 3 kwa saa, yaani lita 11 na ushei, na kijaribiwe kila mwaka.

Mashimo ya viungio nayo yafunuliwe mara kwa mara. Yakionekana mafuta humo, au harufu ikizuka katika kisima cha jirani, pampu isimamishwe papo hapo, fundi aitwe, na kiberiti kisisogezwe.